Corolla inayochemsha alfajiri

Malalamiko yalikuwa haya: gari linachemsha likienda Newala, halichemshi likirudi.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE110, sedani nyeupe, injini ya 5A-FE ya lita moja na nusu, gia za mkono. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Shangani hapa Mtwara mjini, mwenye mikorosho yake upande wa Newala. Pensheni inaingia kila mwezi, na fedha ya korosho inaingia baada ya minada kuanza, Oktoba au Novemba, kama chama cha msingi cha ushirika kimelipa kwa wakati. Kwa hiyo gari hili lina kalenda yake: matengenezo makubwa yanangoja korosho, madogo yanatoka kwenye pensheni, na katikati ya hapo ni kuunga-unga. Kulibadilisha si jambo la karibu. Gari lililotumika Japani likishateremka bandarini linakutana na kodi pamoja na ushuru wa uchakavu, na kwa mstaafu hesabu hiyo huishia kwenye karatasi.

Mimi nililiona mwezi wa Agosti, wakati mbaya kwa mfuko wa mkulima wa korosho: salfa ya kupulizia mikorosho imeshanunuliwa na kupulizwa, vibarua wa palizi wamelipwa, na mavuno bado yako juu ya mti. Gereji moja ilikuwa imeshamwambia kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu, imeungua. Hedi ishushwe, ipelekwe kusagwa, iwekwe gasketi mpya na oili mpya, jumla laki saba. Mwalimu alikuwa ameamua kuliegesha mpaka Novemba. Kwangu alileta shida nyingine kabisa, honi inayolia kama imebanwa mafua. Mimi ni fundi waya, yaani wa umeme wa magari, injini si fani yangu. Honi ilikuwa na kutu kwenye mguu wake, pale inaposhika bodi na kupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikapiga msasa, nikakaza nati, ikalia. Wakati nafunga boneti ndipo akanisimulia habari ya kuchemsha, na kwamba hiyo huenda ikawa safari ya mwisho ya gari kabla ya msimu.

Maelezo aliyokuwa amepewa yalikuwa na mantiki. Uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutoka pwani hadi Newala, kisha ukingo wake unaanguka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Injini iliyochoka inachemsha ikipanda, nani atabisha? Kila aliyesikia malalamiko yale alilijibu swali la mlima, na mlima ukafunika mambo mengine yote yanayotofautisha safari ya kwenda na ya kurudi.

Nikaomba kuona daftari, kwa sababu najua Mwalimu analo. Kila shilingi iliyoingia kwenye gari imeandikwa humo: tarehe, kifaa, fundi, kiasi. Ukiacha oili na matairi, kurasa za mwaka ule na wa nyuma yake zilisomeka hivi. Betri mpya, kwa sababu asubuhi stata, mota inayowasha injini, ilikuwa inazunguka kivivu. Halafu brashi za stata, kwa sababu betri mpya haikubadilisha kitu. Halafu waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda kufungua hewa ya injini, kwa sababu ulikuwa mgumu. Ulipotolewa, ganda lake la plastiki lilikutwa limelainika na kushikana kwa ndani. Halafu sensa ya joto. Halafu “kutoa themostati”, ile vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kabla hayajapata joto. Halafu kuosha rejeta. Jumla ilikuwa inakaribia laki tano, na gari lilikuwa lile lile.

Angalia safu ya mafundi. Betri ilibadilishwa na muuza betri, brashi na fundi stata, waya wa mafuta na fundi injini wa mtaani, rejeta na fundi rejeta. Kazi zetu hapa mjini zimegawanyika hivyo, na mgawanyo huo una faida zake: fundi rejeta anajua kuchomelea rejeta kuliko mtu yeyote. Ila gari linapelekwa kwa fundi kwa kufuata dalili iliyojitokeza siku hiyo, na kila fundi anaiona dalili yake peke yake. Mtu pekee aliyeziona zote kwa pamoja ni Mwalimu, na yeye alizichukulia kama tabia za uzee. Gari kuukuu hulimbikiza tabia kiasi kwamba mwenyewe huacha kuzitaja. Kwa fundi, tabia ambayo mwenye gari haitaji tena ndiyo ya kuuliziwa kwanza.

Mstari wa waya wa mafuta ndio ulionisimamisha. Waya ule hauna sababu yoyote ya kuungua. Haukai karibu na ekzosi, haubebi mzigo mzito, ni uzi wa chuma ndani ya ganda. Kitu kimoja tu: upande mmoja umeshika bodi, upande wa pili umeshika injini. Stata ya gari dogo inavuta ampea mia au zaidi, na umeme huo ukishaingia kwenye stata lazima urudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini. Njia yake halali ni waya mnene wa ethi. Njia hiyo ikiziba, umeme unajitafutia njia nyingine yoyote ya chuma inayounganisha injini na bodi, na waya wa mafuta ni mojawapo. Umetengenezwa uvute, haukutengenezwa upitishe ampea. Unapata joto, ganda linayeyuka, pedali inakuwa ngumu.

Hapo stata ya kivivu na waya wa mafuta vikawa ugonjwa mmoja. Kuchemsha kungeingiaje humo? Nikaanza kuuliza.

“Mwalimu, kwenda Newala unatoka saa ngapi?”

“Saa kumi na moja alfajiri, kijana wangu. Nataka niwe shambani kabla jua halijawa kali.”

“Taa unawasha?”

“Sasa gizani nitaendeshaje?”

“Na kioo cha mbele, ukungu unaufutaje?”

“Nafungua ile feni ya ndani, inapuliza kioo.”

“Sindano ya joto inaanza kushuka wapi?”

“Nikishapita Mnivata inatulia yenyewe. Ndiyo maana nikasema labda ule mlima wa mwanzo.”

Kutoka Mtwara hadi Mnivata ni kilomita 50 za lami. Ukitoka saa kumi na moja, ukifika pale kumeshakucha: taa zinazimwa, ukungu umekauka, feni ya ndani inafungwa. Na kurudi, Mwalimu hurudi mchana, maana macho yake ya usiku si ya kuaminika tena. Kwa hiyo gari hili lilikuwa linachemsha katika saa yenye baridi kuliko zote, kwenye sehemu ya njia isiyo na kilima cha maana kama sehemu ya mbele yake, na linapona jua linapotoka, mzigo ukiwa ule ule na kupanda kukiwa bado kunaendelea. Injini iliyoungua gasketi haina adabu ya namna hiyo.

Nikauliza swali moja zaidi: akisimama sindano ikiwa juu, feni ya rejeta inazunguka? Akasema kimya kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mimi liliniondoa wasiwasi, kwa sababu injini hii ina vipima joto vitatu tofauti. Kimoja cha waya mmoja kinapeleka habari kwenye geji ya dashibodi. Kingine cha nyaya mbili kinaiambia kompyuta ya injini ichanganye petroli kiasi gani. Cha tatu ni swichi ya feni, inayoamsha feni maji yakipita nyuzi kama 93. Geji ikisema moto na feni ikanyamaza, ama feni ni mbovu ama geji inasema uongo. Kupima feni hakuhitaji kifaa: katika Toyota nyingi za miaka ile, ukichomoa soketi ya swichi yake huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni lazima izunguke, maana mtambo umepangwa ukikosea ukosee upande wa kupoza. Nikachomoa. Ikazunguka vizuri.

Na ile “sensa ya joto” iliyoandikwa kwenye daftari? Niliangalia ipi ni mpya. Ni ya nyaya mbili, ya kompyuta. Ya geji ilikuwa ile ya kiwandani, haijaguswa. Kifaa kilinunuliwa sahihi kwa jina, ila hakikuwa na uhusiano na sindano inayoonekana na dereva.

Jaribio lenyewe tulilifanya palepale chini ya mwembe. Injini ikawashwa, ikaachwa mpaka ipate joto lake, sindano ikatulia. Nikamwambia awashe taa kubwa. Sindano ikapanda. Akafungua feni ya ndani, ikapanda tena. Akazima vyote viwili, ikashuka kama iliyoshikwa mkono na kurudishwa. Maji hayawezi kupata joto na kupoa kwa kasi ya swichi.

Mwalimu alikaa kimya, halafu akazima na kuwasha taa tena, peke yake, mara kadhaa.

Kilichobaki ni kupata namba, kwa sababu bila namba hii ni hadithi nzuri tu. Mita ya umeme ya kawaida inatosha, ile ya bei ya chini inayouzwa madukani, ikiwekwa kwenye volti 20 za DC. Ncha moja unagusa kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, usiguse klempu yake. Ncha ya pili unagusa chuma safi cha injini. Unapima wakati umeme unapita, kwani injini ikiwa imezimwa hata waya uliobaki nyuzi mbili utaonekana mzima. Ethi nzuri, injini ikiunguruma na taa zikiwaka, haitakiwi kupoteza zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi ya volti. Hapa ilipotea 0.9. Stata ikipigwa, zikapotea volti 3. Yaani stata ya volti 12 ilikuwa inafanya kazi na masalia. Altaneta, jenereta ya gari, ilitoa 14.1 lakini kwenye nguzo za betri zilifika 13.2, kwa hiyo hata betri mpya haikuwahi kushiba tangu inunuliwe.

Kwa nini geji ipande? Altaneta imefungwa kwenye injini, hivyo umeme wote unaokwenda kwenye taa na feni ya ndani lazima urudi kwenye injini, na njia ni ule ule waya uliooza. Ukikwama pale, bodi inakuwa juu ya injini kwa karibu volti nzima. Geji imefungwa upande wa bodi, kipima joto chake kimefungwa kwenye injini. Maji yakipata moto, kipima joto hupitisha umeme mwingi zaidi na sindano hupanda. Geji haiwezi kujua kama umeme uliozidi umesababishwa na joto au na tofauti ya volti kati ya bodi na injini. Inaonyesha tu.

Kwenye Corolla hii hasi ya betri ina mikono miwili, mfupi unaokwenda kwenye bodi na mrefu unaoteremka hadi kwenye gia boksi. Mfupi ulikuwa mzima, ndiyo maana injini ikizimwa taa ziliwaka vizuri na hakuna aliyeshuku ethi. Mrefu unapita chini ya sinia ya betri, mahali panapodondokewa na asidi ya betri na kila tone la kuoshea gari, katika mji ambao upepo wa bahari unatafuna hata misumari ya bati. Kwa nje plastiki yake ilikuwa nyeusi na nzima. Nilipoichana, shaba ndani ilikuwa imegeuka ungaunga wa kijani karibu urefu wa kiganja. Salfa ya shambani huenda nayo ilichangia, maana magunia yake hupakiwa humo humo na kemikali hiyo ni adui wa shaba, lakini sitaapa kwa hilo. Chumvi peke yake ingetosha.

Waya mpya nilitengeneza kutokana na waya wa mashine ya kuchomelea, unene wa milimita 25 za mraba. Ni shaba tupu, laini, unauzwa kwa mita, na kwa gari ni bora kuliko nyaya nyingi za paketi. Nikabana vishikio vya shaba kwenye ncha, nikapiga msasa pale unapokaa kwenye gia boksi mpaka chuma kikang’aa, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Grisi inakuja mwisho. Ukiipaka kwanza unazuia unachotaka kupitisha. Nikaongeza waya wa pili kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, ili siku mmoja ukioza mwingine ubaki. Nyaya, vishikio na kazi, elfu thelathini. Vipimo vipya: 0.05 injini ikiunguruma na taa zikiwaka, 0.2 stata ikipigwa. Stata ilizunguka kwa sauti ambayo Mwalimu alisema hajaisikia tangu alinunue.

Sitaki gereji iliyosema gasketi ionekane ya kijinga. Hedi ya injini hii ni ya alumini, ikichemshwa kweli mara chache inapinda, na fundi anayemwambia mzee “endelea tu kuendesha” anaweza kumuulia injini. Kosa lao ni kwamba walitaja bei kabla ya kupima. Gasketi iliyoungua huacha alama: maji yanapungua bila kuvuja, oili inageuka rangi, moshi mweupe haukomi, na asubuhi ukiwasha injini ya baridi kifuniko cha rejeta kikiwa wazi utaona mapovu yanapanda mfululizo. Tulitazama yote hayo, pamoja na kuweka alama kwenye chupa ya maji kabla na baada ya safari ya Newala. Hakuna hata moja. Kipima joto cha mwanga, kikielekezwa kwenye bomba la juu baada ya mwendo, kilisoma nyuzi 88.

Themostati niliisimamia irudishwe, na hapa nina ugomvi wa zamani na wenzangu. “Nchi ya joto haihitaji themostati” ni maneno yanayorithishwa gerejini kama jina la ukoo. Themostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Joto la hewa ya Mtwara, hata Desemba, halifiki hata nusu ya hapo. Ukiitoa, kwenye barabara tambarare injini inakimbia ikiwa ya baridi, kompyuta inadhani bado inaamka na inaendelea kumimina petroli. Daftari linaonyesha wazi: safari ya Newala ilianza kunywa zaidi baada ya ukurasa wa “kutoa themostati”. Tena katika injini zenye njia ya pembeni ya maji, themostati ikiwa wazi ndiyo inayoiziba njia hiyo. Ikiondolewa, sehemu ya maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mzigo mzito inaweza kupoza vibaya kuliko ingekuwepo.

Maji nayo yalikuwa na kisa chake. Mwalimu alikuwa anajaza maji ya kisima cha nyumbani, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ajabu ni kwamba maji mazuri kwa rejeta alikuwa nayo shambani: juu ya uwanda wa Makonde maji ya juu ya ardhi ni haba, watu wamezoea kuvuna ya mvua kwenye mapaa, na maji ya mvua hayaachi magamba. Tuliyamwaga ya zamani, tukajaza kulanti, dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, si asidi, na kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko ni kitu kidogo ila kinafanya kazi kubwa: kikishika shinikizo la karibu bar 0.9, maji hayachemki mpaka nyuzi 118 hivi, badala ya 100.

Novemba korosho zililipwa. Laki saba za hedi hazikuwa na kazi tena, na Mwalimu alitaka nimpangie zianzie wapi. Mabomba ya breki ya nyuma yalikuwa na kutu iliyoanza kuvimba, hayo hayakuwa na mjadala. Mkanda wa taimingi, ambao hakuna anayejua uliwekwa lini, ukafuata: kwenye 5A-FE ukikatika unaachwa njiani lakini valvu hazigongi pistoni, kwa hiyo unaweza kusubiri nyuma ya breki ila si nyuma ya matairi. Kioo cha mlango wa nyuma kushoto kisichoshuka tulikubaliana kibaki hivyo hivyo.